Maelezo ya Mwalimu Ethel

Wafadhili waliposema watasikiliza vijiji vya Newala kabla ya kuamua bomba la maji lipite wapi, wanakijiji walimchagua Mwalimu Ethel awasemee. Ilikuwa miaka ile serikali imeanza kujitoa katika mengi, na mashirika ndiyo yanayokimbiliwa.

Ethel alichora ramani kwenye karatasi kubwa: kaya, magonjwa, njia ya kuteremka bondeni kuchota maji. Kisha akafanya mazoezi mbele ya mama yake, Dorika.

"Mwanangu, mbona unasoma kama tangazo la mnada?" mama alimkatiza. "Wageni watasinzia. Waambie tunavyoteremka, na magoti yanavyotetemeka tukipanda."

Wakarekebisha pamoja, mama akijifanya mgeni anayepiga miayo, wote wawili wakicheka.

Wiki ileile mama aliteleza kwenye mteremko, ndoo kichwani. Walimpandisha kwa machela. Hospitali hakufika.

Ethel alisimama mbele ya wageni akiwa bado katika msiba wa mama yake. Alieleza vizuri mpaka alipofika kwenye mteremko. Akanyamaza, akagusa karatasi.

"Hapa ndipo alipoanguka mama yangu Jumanne."

Akalia. Mgeni mmoja akalia naye. Bomba likaja kijijini.

Baadaye Bwana Felix, ofisa wa shirika lililoleta bomba, alimfuata shuleni. "Mwalimu, vijiji vya Masasi navyo vinaomba maji. Njoo uwaeleze wakubwa wetu kama ulivyoeleza siku ile. Na habari ya mama usiiache. Inawagusa watu."

Ethel alikwenda, maana hata wa Masasi wana kiu. Akaitwa tena, akaenda tena. Kila alipofika kwenye mteremko alinyamaza, akalia, na wakubwa wakainamisha vichwa.

Mara ya mwisho, katika ukumbi mmoja pale Masasi mjini, alinyamaza kama kawaida, akasubiri machozi. Hayakuja. Watu walidhani uchungu umemzidi, wakampigia makofi kuliko siku zote.

Mdogo wake, Cecil, aliyekuwa amemsindikiza, alimkuta nje amekaa kwenye ngazi.

"Dada, leo umeeleza vizuri sana."

"Nimeeleza vizuri," Ethel alijibu. "Lakini Cecil, nikifumba macho sasa naiona ramani tu. Sauti ya mama siisikii tena. Alikuwa ananiitaje vile?"

Cecil alimsogelea. Akaketi kando yake. Basi la Newala lilipiga honi, likapiga tena, likaondoka bila wao.