Mashine Zilipozimwa

Vifungo alikuwa ameshaamua kuacha kazi. Si kwamba kazi yenyewe ilimshinda. Katika kiwanda kile cha kushona sare hapakuwa na wa kumfikia kwa kutia vifungo, na ndiko alikopatia jina. Kilichomshinda ni msimamizi. Bwana yule alikuwa na mtindo wa kuja kwa nyuma, anajifanya anakagua mshono, mkono anauweka mahali ambapo hapana mshono wowote, kisha anainama sikioni kumwaga upuuzi wake. Mashine zilinguruma chumba kizima, kwa hiyo aliyesikia ni mmoja tu.

Kumwambia mtu? Ulimi ulikuwa mzito. Wenzake waliinamisha vichwa kila msimamizi alipopita, naye akadhani wanamwonea haya yeye, wanasema moyoni kwamba amejitakia. Lakini akiacha kazi, yeye na mama yake watakula nini?

Asubuhi ile msimamizi akaja tena. Vifungo alikaa karibu na swichi kuu, maana kazi ya kuzima umeme saa ya chakula ilikuwa yake. Hakupanga lolote. Hasira tu ilimpanda, akanyoosha mkono, akaizima.

Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja. Msimamizi, aliyezoea kushindana na kelele, alikuwa katikati ya maneno, na maneno yakatoka wazi mbele ya chumba kizima: "...mkataba wako ninao mimi, jioni nifuate stoo, usijifanye mtoto."

Akageuka huku na huku. "Tulikuwa tunataniana," akasema.

"Utani ni wa wawili," alisema fundi mkongwe wa mapindo, ambaye wote walimwita Shangazi. "Huyu binti hacheki. Na stoo hiyo hiyo uliniitia na mimi, mimi mwenye wajukuu. Nikajiambia labda uzee, nasikia vibaya."

"Na mimi," akasema fundi wa kola. "Mnaponiona nakimbilia chooni kila akija, mnadhani tumbo?"

Mtu akacheka, wakacheka wengi, kicheko cha hasira na cha kutua mzigo. Vifungo aliwatazama mmoja mmoja. Kumbe! Wamekaa kiwiko kwa kiwiko siku zote hizo, kila mmoja na aibu yake, na aibu yenyewe haikuwa yao.

Mwenye kiwanda akateremka ngazi akidhani umeme umekatika. Akakuta mafundi wote wamesimama. Vifungo aliogopa ataulizwa kwanza alikuwa amevaa nini. Shangazi akamshika mkono, na Vifungo akaeleza yote, bila kuficha neno.

Mwenye kiwanda alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa juu ya robota la kitambaa. "Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje?" akajibu Shangazi. "Wewe ulisema kila lalamiko lipitie kwa msimamizi. Tumlalamikie yeye kwa yeye?"

Mwenye kiwanda akajifuta uso. "Hapo nimekosea mimi." Akamgeukia msimamizi. "Nipe funguo za stoo, uende zako."

Msimamizi hakupewa nafasi ya kujitetea kwa utani tena. Kabla ya jioni mafundi walichagua wawili wao wa kupokea malalamiko na kuyafikisha juu moja kwa moja, na Vifungo alikuwa mmoja wao. Mikataba nayo ikahamia kwa mwenye kiwanda mwenyewe.

Vifungo alipofika nyumbani, aliingia jikoni na kuanza kumenya vitunguu huku akiimba. Mama yake akaja akasimama mlangoni. Miezi mingi binti huyu alikuwa akirudi anajilaza na kugeukia ukuta.

"Leo hujachoka, mwanangu?"

"Nimechoka, mama," alisema Vifungo, machozi yanamtoka na meno yote nje. "Ila leo ni uchovu wa kazi tu."