Shamba Ndani ya Jani

Kila Jumanne asubuhi Boke hufuta vumbi kwenye majani ya anthuriamu, ua lake la mapambo, kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi hulikasirisha. Udongo wa Susuni, kijijini kwake, nao haulifai, ni mzito na mizizi huozea humo. Kwa hiyo alichukua ndoo, akaitoboa chini, akachanganya vipande vya mkaa, maganda ya miti na mchanga wa mtoni, akaiweka barazani mahali pasipo jua kali. Aliyemfundisha ni Limbu, Msukuma aliyefanya naye kazi kwenye bustani ya kambi ya watalii kule Robanda.

"Dada, hili si mahindi," Limbu alimwambia alipomkatia kipande chenye mizizi miwili. "Ukilipenda sana kwa maji, unaliua."

Boke aliacha kazi ya kambini Wankuru alipougua. Wankuru ndiye aliyemwoa. Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume, na kwa desturi ya Wakurya ya mwanamke kuoa mwanamke mwenzake alitoa ng'ombe kumi na mmoja, akamleta Boke aizalie nyumba yake. Boke akazaa wasichana wawili, Beatrice na Nora. Wankuru hakununa hata siku moja. Alisema shamba la bondeni ni la Boke na watoto wake, akalisema kwenye kila sherehe, kisha akafa bila kuliandika popote. Hilo ndilo kosa letu sote huku: tunadhani neno likisemwa mbele ya wanywaji limeshapata mashahidi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi alifika Ryoba, mtoto wa shemeji yake Wankuru, na kamba ya kupimia na vijiti.

"Nyumba haina mwanaume," alisema. "Shamba linarudi kwa ukoo."

Ukoo, ukimsikiliza vizuri, ulikuwa yeye.

Wiki hiyohiyo anthuriamu ilifungua jani jipya, kubwa, laini kama mahameli, lenye mishipa myeupe. Mishipa hiyo ilikuwa shamba la bondeni. Kijito kilikuwepo, njia ya ng'ombe ilikuwepo, na minyaa ya mpakani ilisimama mmoja mmoja pale alipoipanda Wankuru. Boke aliangalia mara mbili, akaenda kusonga ugali.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatoka. Jani lilitikisika bila upepo, na kila lilipotikisika alikwenda kuangalia kulikoni. Mara moja kona yake ya chini ilicheza mno. Akakimbia bondeni, akakuta mbuzi wa jirani kwenye mtama, kona ileile. Aliwafukuza, akarudi, na kabla hajakaa jani likaanza tena upande wa pili. Huko alimkuta Ryoba akichomeka vijiti.

Wazee wa ukoo walikutana kwa Mzee Mniko. Boke alifika na ndoo kichwani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Weka kivulini, lisiungue," alisema Mniko.

Walivaa miwani. Waliokuwa na miwani waliwaazima wenzao. Wakalisoma jani kutoka kijitoni hadi kwenye minyaa, wakakubaliana kwamba mipaka ni sahihi. Wakati wanajadili, jani la pili likajikunjua palepale. Hili lilionyesha zizi la Wankuru, na ng'ombe wakitolewa kwa foleni.

"Huyu mwenye pembe moja namkumbuka," alisema Mzee Benedicto. "Alimpiga marehemu baba teke."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Benedicto akawahesabu kwa fimbo: kumi na mmoja. Ryoba naye aliinama, akasema aliyewaswaga ni baba yake, na kweli alionekana nyuma yao, amevaa koti. Kisha wazee wakasogea pembeni, wakanong'ona, wakarudi.

"Jani halikusema uongo, mwanangu," alisema Mniko. "Wankuru alitoa ng'ombe, na shamba alikupa wewe. Ila nyumba yako haina kijana. Atalima Ryoba."

"Sasa jani mmeliamini la nini?"

"Tungelikataaje, na linaonekana?"

Boke alikasirika. Kesi ya nyani, hakimu ngedere, na safari hii ngedere alikuwa na adabu, hata uji alimkaribisha. Hakuunywa. Alijitwika ndoo akaondoka.

Siku chache baadaye Mniko alimtuma mkewe kuomba chipukizi. Benedicto naye akaomba. Boke aliwapa, akawaeleza habari za mkaa na maganda ya miti, maana mmea hauna kosa. Kwa Mniko ua liko sebuleni, mbali na dirisha, na wageni wakitoka Tarime mjini huonyeshwa kabla ya chai.

"Hili ni shamba la Boke," huwaambia, na wageni husifia minyaa ilivyonyooka.

Jina hilo limeshika. Watoto wa shule wanapita shamba la Boke, na bodaboda wanamshusha abiria shamba la Boke. Hata Ryoba, akitafuta vibarua, huzunguka nyumba hadi nyumba akisema, "Kesho tunapalilia shamba la Boke, saa kumi na mbili muwe mmeshafika."

Boke hana shamba lingine, na Beatrice na Nora lazima wale. Saa kumi na mbili huwa ameshafika na jembe lake, na Ryoba humpa mistari ya mpakani, kwa sababu ndiye pekee asiyehitaji kuonyeshwa mpaka.