Vidole Visivyosomeka

Mara ya tatu afisa alikifuta kioo cha mashine ya alama za vidole kwa kitambaa, akakipulizia pumzi, akakifuta tena.

"Haya mama, vidole vinne vya mkono wa kulia. Bonyeza, usitikisike."

Eufrasia alibonyeza mpaka kucha zikawa nyeupe. Mashine ikalia kidogo, taa nyekundu ikawaka. Afisa akaigeuza kompyuta ili naye ajionee: madoa manne ya kijivu, laini kama matone ya chai kwenye karatasi.

"Alama hazisomeki," afisa akasema. Alikuwa mama wa makamo, si mtu wa kufoka. Akamshika Eufrasia mkono, akageuza kiganja juu na kuvipapasa vidole kwa dole gumba lake. "Unafanya kazi gani?"

"Naponda mawe machimboni. Huu mwaka wa nne."

"Basi ndiyo hiyo. Mawe umeyasaga, na yenyewe yamekusaga."

Ilikuwa katikati ya Julai, katika ofisi ya uhamiaji mjini Geita. Eufrasia alikuwa amekuja na kila karatasi aliyoambiwa: cheti cha kuzaliwa, cha mama yake, kitambulisho, picha na risiti ya malipo. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mikono yake.

Zamani mikono hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Kabla ya mawe, Eufrasia alikuwa mchuna minofu katika kiwanda cha samaki Mwanza. Alikuwa na kisu chembamba na jicho kali. Sangara wa kilo nne alikuwa minofu miwili kabla jirani yake hajamaliza kunoa. Kisha sangara wakapungua ziwani, kiwanda kikapunguza watu. Mwenzake wa meza moja, Rhoda, akahangaika mpaka akapata kazi kwenye kiwanda cha jodari huko Shelisheli. Eufrasia akamfuata mumewe Donatus kwenye machimbo ya upande wa Nyarugusu.

Donatus alichimba mwaka mmoja, akasikia habari za dhahabu ya Msumbiji. Akaondoka na wenzake watatu, wakapita porini bila karatasi yoyote. Alipiga simu mara mbili, halafu kimya. Eufrasia alikwenda kituo cha polisi kutoa taarifa, wakamuuliza mume wake alivukia mpaka gani, kwa pasipoti namba ngapi. Siku ile ndipo alipojua kwamba mtu ambaye hakuandikwa popote kuwa ameondoka, ni shida kumtafuta. Watoto wawili, Violeth na Eliya, akawapeleka kwa mama yake kijijini Samuye, yeye akabaki na nyundo.

Mwezi wa sita Rhoda akapiga simu. Kiwanda kinatafuta wanawake wanaojua kisu, na jina la Eufrasia amekwisha kulitoa. "Tiketi ya ndege wanatoa wao," Rhoda alisema. "Pasipoti, vipimo vya afya, kadi ya homa ya manjano, cheti cha polisi na nauli ya kufika Dar, hivyo vyako. Pasipoti iwafikie kabla Agosti haijaisha. Mwezi wa tisa mnaruka. Mkataba ni miaka miwili."

Na sasa mashine imegoma.

"Ngozi inaota," afisa alimwambia. "Mwezi na nusu hivi. Usishike jiwe, usishike jembe, usifue kwa sabuni kali. Paka mafuta asubuhi, mchana na jioni. Halafu uje, uniulizie mimi mwenyewe. Na cheti cha polisi usikimbilie, nao wanachukua alama za vidole, na hata wino hauwezi kuchora kisichokuwepo."

Eufrasia alishukuru, akatoka. Mwezi na nusu kutoka siku ile ulimfikisha siku tatu kabla ya mwisho wa Agosti. Hilo lilikuwa gumu, lakini gumu zaidi ni kwamba fedha ya pasipoti alikuwa ameipata jiwe kwa jiwe, na vipimo, cheti na nauli vilikuwa bado vinasubiri mawe mengine. Akiponda, hapati vidole. Asipoponda, hapati nauli.

Nje ya ukuta alikuwepo kijana mwenye miwani myeusi, mmoja wa wale vishoka wanaonusa shida ya mtu kabla hajaitamka.

"Dada, vidole vimekataa? Visikusumbue. Kuna gari la kukuvusha, upande wa pili unapata pasipoti yenye sura yako ndani ya wiki."

"Yenye sura yangu na jina la nani?"

"Jina lina kazi gani? Si unataka kufika?"

"Nataka kufika," Eufrasia akasema, "na nikipotea nitafutwe kwa jina langu." Akampita.

Machimboni aliuza viroba vyake viwili vya mawe kwa mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, akampa jirani nyundo, akafunga kibegi. Kesho yake jioni aliteremka Samuye.

Kaka yake, Maganga, alimpokea kwa furaha ambayo haikuchukua muda. Pamba ilikuwa bado nyeupe shambani na watu walikuwa wachache. "Umekuja wakati wake hasa," akasema. "Kesho tunaanza upande wa mtoni."

"Kaka, sitachuma."

"Unaumwa?"

"Mikono inapumzika. Nimeambiwa nisishike kitu mpaka alama zirudi, ndipo nipate pasipoti."

Maganga alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe ana likizo. "Mikono inapumzika," akarudia polepole. "Na mdomo nao unapumzika, au wenyewe utakula?"

Eufrasia aliona swali ni la haki. Mama yao alikuwa ameketi kando anapeta mtama. Baadaye aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha samli, akakiweka mbele ya binti yake. "Hii iliniponya magaga ya miguu," alisema kwa Kisukuma. "Vidole si vigumu kuliko visigino." Violeth naye akaleta jozi ya soksi zake za shule. Tangu siku hiyo Eufrasia alipaka samli na kuvaa soksi mikononi kutwa nzima.

Hakujua kama kukaa kunaweza kumchosha mtu kiasi kile. Kwao mwanamke husifiwa kwa kazi. Ukimtaja wa maana, unataja shamba lake. Sasa wanawake walipita na ndoo kichwani, wakamwona amekaa kwenye kigoda, mikono imevikwa kama ya mtoto mchanga, wakasalimia kwa adabu iliyozidi kiasi. Kisimani walimwita bibi arusi. Wengine walisema ana ukoma. Violeth, mwenye miaka kumi na miwili, alipika, akafua, akachota maji, na kila aliposikia ndoo ya mwanawe inagonga mlangoni, Eufrasia aliona aibu inampanda shingoni. Siku ya nne hakuvumilia, akavua soksi na kushika mtwangio. Mama yake akaja kwa mbio ambazo hakuwa amezipiga miaka mingi, akampokonya.

"Umekuja kutwanga au umekuja kuondoka?"

"Kuondoka, mayu."

"Basi kaa chini."

Akakaa chini. Lakini siku za kukaa zilikuwa na hesabu yake, na nauli haikuwa inaota kama ngozi. Alitafuta kazi isiyohitaji mikono na hakuiona, mpaka wiki ya pili alipomsindikiza mama yake mnadani kuuza kuku.

Pale mnadani alikuwepo mfanyabiashara wa mitumba, Theonest, mtu wa Bukoba aliyekuwa akizunguka minada yote ya upande huo. Siku hiyo mafua yalikuwa yamemkaba. Rundo la mashati lilikuwa limelala kwenye turubai na yeye anapunga mikono bila sauti, huku jirani yake anamnyang'anya wateja kwa kelele. Eufrasia alitazama kwa muda, kisha akamsogelea.

"Nikuitie watu?"

Theonest aliziangalia zile soksi. "Wewe unajua kunadi?"

"Miaka minne nimezungumza na wenzangu karasha ikiwa inanguruma. Nisikilize kwanza, ukipenda ndiyo tuzungumze."

Akapanda juu ya kreti. Akaanza kwa Kiswahili, akaona watu wanapita tu, akageukia Kisukuma. Akamwita mzee mmoja kwa shati lake lililochanika kwapani, akamwambia mkewe amelichoka na anaona haya kumwambia. Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, akaja kuchagua. Mwingine akauliza kwa sauti kwa nini muuzaji amevaa soksi mikononi. "Miguu yangu ina viatu," Eufrasia akajibu, "soksi zikakosa kazi, ndiyo nimeziajiri hapa." Mpaka saa tisa turubai lilikuwa limebaki na suruali mbili za watoto.

Walipatana: ujira wa siku na chakula cha mchana, kila penye mnada. Theonest anakunja na kupokea fedha, Eufrasia anaita. Baada ya wiki mbili watoto walimwita Mama Soksi kabla gari la Theonest halijasimama. Sauti ilikauka, akawa anakunywa maji ya tangawizi, na kila jioni anaporudi anamkabidhi Maganga sehemu ya ujira wake.

"Ya nini hii?" Maganga aliuliza mara ya kwanza.

"Ya kumlipa mtu achume mahali pangu."

Maganga aliikunja ile noti, akaiweka mfukoni. Kesho yake alileta kibarua kutoka kijiji cha pili. Tangu hapo hakuuliza tena habari za mdomo, na mtu alipomtania kuhusu dada yake, alimwambia aende naye mnadani akaone.

Agosti ikifika ukingoni, Eufrasia alirudi Geita. Afisa yule yule akamkumbuka. Akavipapasa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia aweke. Mkono wa kulia, vidole vinne: taa ya kijani. Madole gumba yote mawili: kijani. Mkono wa kushoto, vitatu vikapita, cha shahada kikakataa. Hicho ndicho kilichokuwa kinashikilia jiwe nyundo ikishuka, kikabaki na kovu.

"Kitie kwapani, kipate joto, dakika kumi," afisa akasema. Alipokitoa kikakataa tena. Afisa akaingia ofisi ya ndani kuzungumza na mkubwa wake. Eufrasia alibaki kwenye kiti, hana anachowaza ila kwamba kama ni kurudi Samuye mwezi mwingine, atarudi.

Afisa alitoka na karatasi. "Kidole kimoja chenye kovu kinaandikiwa maelezo. Tisa vimetosha. Pasipoti njoo baada ya siku kumi."

Siku kumi zilikuwa zinavuka Agosti. Akiwa bado kwenye benchi la nje, alimpigia Rhoda. Rhoda akamwomba asubiri, akaenda kumuuliza meneja, akarudi na sauti ya chini.

"Kundi la kwanza limefungwa, mwenzangu. Hawawezi kusubiri. La pili ni Novemba."

Eufrasia alitazama mikono yake, iliyokuwa laini kama ya mtu mwingine. Wiki sita za kukaa, soksi, bibi arusi, na bado amechelewa kwa siku chache. Machozi yalifika, akayaacha yapite. Kisha akafuta uso.

"Niandike la pili," akasema. "Mwambie meneja jina langu asilifute, hata waende makundi mangapi."

Hakurudi kwenye mawe, maana wino wa polisi ulikuwa bado unamsubiri. Alirudi kwenye kreti ya Theonest. Mnada kwa mnada akapata cheti cha polisi, vipimo na kadi ya homa ya manjano, na mwanzoni mwa Novemba nauli ya Dar ilikuwa imekamilika.

Siku mbili kabla ya safari, Violeth alikuwa anaosha vyombo na hataki kumtazama mama yake. Eufrasia akamuuliza ana nini.

"Baba naye alisema atarudi."

Eufrasia hakumkemea wala hakuapa. Alimwambia alete daftari na kalamu. Akafungua pasipoti, akamwandikisha mwanawe namba yake, tarakimu kwa tarakimu, kisha jina la kiwanda, simu ya Rhoda na tarehe ya mkataba kwisha.

"Kila Jumapili nitapiga. Nikikaa kimya wiki tatu, mpe mjomba daftari hili aende nalo polisi. Wakiuliza namba, utawasomea. Baba yako hakuniachia hata herufi moja. Mimi nakuachia zote."

Violeth aliisoma ile namba mara mbili. Akaandika chini yake, kwa mwandiko wake mzuri, jina la mama yake lote, majina matatu.

Alfajiri ya safari mvua ilikuwa imenyesha na barabara inateleza. Maganga alibeba begi mpaka lami, mama yao akafuata nyuma na Eliya mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea. Basi lilipokuja, mama alimshika binti yake mikono yote miwili, akaiangalia, akamwambia aende.

Jodari, Eufrasia aliligundua hilo mapema kiwandani Shelisheli, si sangara. Ana damu nyingi, na mfupa wake umekaa kwingine kabisa. Wiki ya kwanza Eufrasia alikuwa wa mwisho kwenye meza ya watu kumi na wawili, na msimamizi alipita nyuma yake mara nyingi kuliko wengine. Jumapili alimweleza Violeth hivyo hivyo, bila kupamba.

"Sasa utafanyaje?" Violeth akauliza.

"Nimemwomba Rhoda anibakize baada ya zamu, anionyeshe pa kuanzia kisu. Mwambie bibi wiki ijayo sitakuwa wa mwisho."

Wiki iliyofuata alikuwa wa tisa.