Kahawa ya Muhiddin

Muhiddin hakunitambua. Aliingia na mjukuu wake katika kile chumba cha ukumbi wa mtaa, Barking, kwa Waingereza, akavua kofia, akaiweka gotini, akanisalimu kwa Kiingereza cha adabu kama anavyosalimiwa mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimevaa tai ya kuazima. Faili la mtoto lilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimeshalisoma mara nne.

Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1994, mtoto nilikuwa mimi. Amir, mwanawe Muhiddin, alivunja dirisha la duka la kamera mbele ya macho yangu, akatimua mbio. Mimi nikabaki nimesimama kama bwege, vioo vimenijaa miguuni, polisi wakanikuta. Mama yangu, Bi Sheikha, Kiingereza cha mahakamani hakukijua. Akamwomba Muhiddin, mtu wa kwetu Unguja, atusindikize mahakama ya watoto. Alipofika akanivuta pembeni, Mama asisikie.

"Ukikana, mwanangu, kesi itakokotwa mwaka mzima, presha imuue mama yako. Omba radhi, yaishe."

"Lakini Ami, ni Amir."

"Nimesema omba radhi."

Kwetu ugomvi humalizwa hivyo. Hata asiye na kosa hubusu mkono, kahawa ikamiminwa, na kesho hakuna anayeuliza nani alianza. Nikasimama mbele ya mahakimu watatu, nikakiri, nikaomba radhi. Nikangoja kahawa.

Karani akaandika.

Jumamosi zangu zikaishia kwenye kituo cha adhabu. Shule ikanifukuza. Sijafika hata miaka kumi na sita, nikawa natandika mazulia kwenye nyumba za watu. Magoti yangu mpaka leo yanalia nikipanda ngazi. Mama alikufa miaka mitano baadaye. Wiki yake ya mwisho aliniuliza, kwa upole, kile kioo nilikivunjia nini hasa.

Serikali ilipoanzisha mabaraza mapya ya watoto wakosaji, raia wa kawaida wakae mezani na mtoto na kumpangia adhabu, nilijiandikisha. Sikwenda kwa ajili ya watoto. Nilitaka kukaa upande wa pili wa meza. Faili la Haifa, mjukuu wa Muhiddin, lilipokuja, fomu iliuliza kama naijua familia yake. Nikaandika hapana.

Haifa alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amekiri mahakamani kuvunja kioo cha kituo cha basi. Mwenzangu mezani, Anne-Marie, muuguzi mstaafu, akamwuliza kama ana la kusema.

"It wasn't me," alisema; si yeye aliyevunja.

Muhiddin akamnong'oneza kwa Kiswahili, akidhani pale mezani hakuna anayemwelewa. "We mtoto! Omba radhi, yaishe."

Nikajua. Uso ule wa Haifa niliwahi kuuvaa mimi. Ningeweza kulirudisha faili mahakamani, aulizwe upya; sheria iliruhusu, na Anne-Marie alikuwa ananitazama, anasubiri niseme hivyo.

"Ulikiri," nikamwambia mtoto. "Imeandikwa."

Nikampangia adhabu ya kila Jumamosi, mpaka siku ya mwisho tuliyoruhusiwa. Anne-Marie alibisha, kisha akachoka.

"Bwana," Muhiddin akaniambia kwa Kiingereza, "huyu ni mtoto."

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Hata mimi nilikuwa mtoto, Ami."

Kofia ikamdondoka gotini. Akasogea mezani. "Asad? Asad wa Sheikha?" Akanyoosha mkono juu ya meza. "Nisamehe, mwanangu. Yaishe."

Nikauacha mkono hewani.

"Hapa hamna kahawa," nikasema.

Sitadanganya, ilikuwa tamu. Kuna siku bado ni tamu.

Haifa alitia saini bila kulia. Kisha akanigeukia na, kwa mara ya kwanza, akasema Kiswahili, safi kabisa, Kiswahili cha nyumbani kwao.

"Jina lako zima nani?"

Nikamwandikia kwenye kikaratasi, kwa herufi kubwa. Akalisoma mara mbili, midomo inacheza. Akakikunja kile kikaratasi kidogo, kidogo kabisa, akainama, akakitia ndani ya kiatu, kama mtu anayetunza deni.