Watu wa Nusu Mwezi

Kila asubuhi mtoa dawa alianza kazi kwa kukata. Aliketi nyuma ya rafu za duka la dawa la chuo kikuu, akazipanga kadi za vidonge vya moyo mezani, kisha akachukua mkasi. Kadi nzima zilikwenda dirisha la ndani, la wahadhiri, wafanyakazi na watu wao. Zilizokatwa katikati zilikwenda dirisha la umma, linalotazama barabara. Siku yake ya kwanza kazini, mfamasia mkuu alimweleza bila ubaya wowote kwamba dawa hazitoshi, na heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wagonjwa wa dirisha la umma walipewa dawa za nusu mwezi, kwa hiyo walikuwapo nusu mwezi. Vidonge vikiisha, nao wanakwisha. Hawakufa wala hawakuugua. Hawakuwapo tu, mpaka mwezi mwingine uanze, ndipo walipojikuta foleni, kila mmoja na cheti chake mkononi. Mtaa ulishazoea. Fundi saa alibandika mlangoni tarehe za nusu yake ya mwezi, chini ya saa za kufungua. Dereva mmoja mstaafu alirudi akiwa katikati ya kicheko, akakimalizia, halafu akauliza walikuwa wakicheka nini.

Mshonaji, jirani wa mtoa dawa, alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyemlea mtoto mchanga wa mtoa dawa wakati wa kazi. Nusu ya pili ya mwezi mtoto alibaki na bibi yake, mama mzazi wa mtoa dawa, mwenye maradhi yaleyale na kidonge kilekile. Ila huyu, kwa kuwa ni mama wa mfanyakazi, aliandikishwa dirisha la ndani. Alikuwapo mwezi mzima, na alikuwa ameanza kunenepa.

"Mume wangu anasema ameoa nusu mke," mshonaji alipenda kusema, "lakini kelele ni za mke mzima."

Binti yake alipoposwa, siku ya harusi ikaangukia nusu ya pili. Bwana harusi alikuwa baharia wa meli za mizigo na hakuwa na likizo nyingine. Mshonaji akamshonea binti gauni kwa mkono wake. Lilipobaki pindo tu, alikwenda kwa mtoa dawa, akamkuta jikoni akimwogesha mtoto kwenye beseni.

"Mwanangu, sijawahi kukuomba kitu."

"Niombe tu, mama."

"Nitafutie nusu nyingine. Mwezi huu tu. Nimshike mkono nimtoe mlangoni, baada ya hapo hata nisiwepo mwaka mzima."

Mtoa dawa aliendelea kumwagia mtoto maji mgongoni. Nusu nyingine ilikuwa juu ya kabati, ndani ya kadi nzima ya mama yake, na ncha yake ilichungulia ukingoni ikimeremeta. Kukata alijua. Chumba cha pili mama yake alikuwa akikunja nepi, akiimba kwa sauti iliyojaa pumzi.

"Zimekwisha, mama," alisema. "Hakuna."

Mshonaji aliitazama ile ncha, akamtazama mtoto, akasema maji yasije yakapoa. Akashukuru, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya harusi kiti chake kiliwekwa mbele, kitupu. Bibi harusi alihitaji mama wa kumshika mkono, akamwomba mama wa mtoa dawa, kwa kuwa alikuwapo. Mama alimtoa mlangoni taratibu, kisha akacheza mpaka wanamuziki walipokunja nyaya zao. Watu walimsifu: umri ule, na pumzi bado tele. Mtoa dawa alikaa na mtoto mapajani.

Mwezi ulipoanza, mshonaji alisimama mbele ya dirisha la umma.

"Ilikuwaje?"

Mtoa dawa akamweleza kwamba gauni lilikaa sawasawa, na bibi harusi hakulia.

"Nani alimshika mkono?"

"Mama yangu."

"Alicheza?"

"Alicheza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama."

"Afadhali," alisema mshonaji. "Mimi ningechoka mapema."

Akapokea nusu kadi yake kwa mikono miwili, akauliza kama mtoto ameota jino. Ameota mawili, mtoa dawa alijibu. Mshonaji akasema basi kesho amletee, ayaone, maana sasa yupo. Mtoa dawa alifungua mdomo, maneno mengine kabisa yakiwa ulimini, akasema atamleta.

Kisha akamwita anayefuata. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Kwenye dirisha la ndani hapakuwa na mtu.