Sahani ya Tatu

Watu wa Mchafukoge walimjua baba yangu, Sheikh Suud bin Humoud, kwa kombe zake, na tangu mwaka wa thelathini na moja aliyekuwa akiziandika si yeye. Nilikuwa mimi, Hind, binti yake. Nalisema jambo hili leo kwa sababu waliostahili kulisikia wamekwisha kuzikwa wote, na mimi mwenyewe sina tena posa ya kuharibikiwa.

Kwa asiyejua, kombe huandikwa kwenye sahani nyeupe, kwa zafarani iliyolowekwa katika marashi. Unaandika aya, unaacha zikauke, sahani inafunikwa kitambaa na kupelekwa kwa mgonjwa. Huko wanaiosha kwa maji kidogo, na yale maji ya manjano anayanywa kabla hajatia kitu kinywani. Sahani tatu, asubuhi tatu, na kila moja hurudi kwetu tupu kabla ya adhuhuri. Ndiyo kusema kazi yote ya mwandishi inaishia tumboni mwa mtu.

Mkono wa kulia wa Baba ulianza kutetemeka mwaka ule, mpaka uji ukawa unamwagika kabla kijiko hakijafika mdomoni. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Mama alifariki nikiwa bado natambaa, naye Baba akanilea kwa kitu kimoja alichokijua vizuri, kalamu ya mwanzi. Basi tukafanya hivi: yeye anakaa barazani na wenye shida zao, anawapokea na kuwaombea dua, mimi niko ndani nyuma ya pazia naandika. Wangejua kwamba kombe la Sheikh linaandikwa na msichana wa miaka kumi na tisa aliyekwisha kukataa posa mbili, wasingekanyaga tena mlangoni kwetu.

Alinipa masharti mawili tu. La kwanza lilikuwa niandike isomeke, nisiandike ipendeze. La pili alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuta zisikie. "Kombe ni maji, mwanangu. Lisikae likakauka bila kunywewa. Maneno ukiyaita yakakosa pa kuingia, hayaondoki nyumbani mikono mitupu."

Niliitikia. Nilikuwa hodari wa kuitikia. Lakini moyoni kulikuwa na jambo lililonikera kama mwiba wa samaki kooni: sikujua mkono wangu ni wa nini. Wagonjwa wakipona, sifa ni za Baba na shukrani ni za Mungu, na hilo silipingi. Mimi je? Nilikuwa bomba tu ambamo kitu kinapita, au kulikuwa na chochote mle kilicho changu? Nilikuwa na kiburi, ila kiburi chenyewe hakikujua kikae wapi.

Kabla ya masika ya mwaka uliofuata akaja Theophil. Huyu alikuwa Mchaga wa Kibosho, fundi wa vibao vya maduka, Mkristo mwenye adabu aliyevua kofia hata mbele ya pazia. Alikuwa na kibao cha duka la kahawa na tende la Hamud, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Herufi za Kizungu alikwisha kuzipaka, lakini Hamud alitaka jina lake lisomeke na kwa Kiarabu, na Theophil hakuijua hata alifu. Akamwamkia Baba shikamoo, akaeleza shida yake. Baba akampa kahawa, akaingia ndani na karatasi kana kwamba anakwenda kutafuta miwani. Nikaandika. Kwa kuwa haikuwa kombe na hakuna aliyekuwa aje kuinywa, niliandika nilivyotaka.

Wiki mbili baadaye Theophil akarudi, hakuwa na kibao wala karatasi. Alisema kuna maduka matano yanangoja jina kwa mkono uleule. "Mzee, huu mkono ukikutana na mbao, watu watapita Kariakoo wameinua vichwa," akasema. Baba akajibu kwamba mkono una shughuli nyingine. Nyuma ya pazia, mwenye mkono alikuwa amejiziba mdomo.

Mke wa Hamud alikuwa Fakhriya, aliyezaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu. Alinibeba mgongoni nilipofiwa na mama, na mpaka alipoolewa Kariakoo nilimwita dada. Yeye ndiye aliyenipitia siku moja baada ya alasiri, tukajifunga buibui, tukakatiza Mnazi Mmoja kwenda kukiona kibao cha mumewe. Kilikuwa bado hakijapandishwa, kimeegemezwa ukutani, na rangi ya kijani haijakauka vizuri. Nikayaona maandishi yangu makubwa kuliko mimi. Wapagazi wa sokoni walikuwa wakipita na magunia ya mtama, na mmoja wao, ambaye nina hakika hakujua kusoma lugha yoyote, akasimama na mzigo wake akatazama.

Binti yake Fakhriya, Sitara, alikuwa na miaka sita. Kabla mama yake hajamzuia, alipitisha kidole kwenye tumbo la herufi moja, akakifuata mpaka mwisho wa mkia, kidole kikawa kijani. Akapigwa kofi la mkono, akacheka. Akauliza ni nani aliyeandika. Nikamwambia ni Baba. "Mkono wake mzuri," akasema, na tulipokuwa tukiagana alikuwa bado akinionyesha kile kidole.

Tangu siku hiyo kombe zikaanza kuniuma. Zinaporudi nyeupe, zimeoshwa, nilijisikia kama msusi ambaye mteja wake anafumuliwa nywele kabla hajafika mlangoni. Nilimwuliza Baba mtu anaijuaje kazi yake. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili asimwage. Akaniambia mtu ataijua kazi yake siku itakapomdai kitu, lakini hakusema itamdai nini.

Masika yakaja mabaya. Maji yalituama Kariakoo nzima, mitaa ikanuka papa waliooza, na homa ikaingia nyumba kwa nyumba. Sitara akashikwa. Hamud alikuja mwenyewe kwetu, viatu vimejaa tope, akasema mtoto ameshapewa kwinini hospitali, na sasa wanataka na kombe. Siku ile nikaandika kama nilivyofundishwa, mistari iliyonyooka, isomeke. Sahani ikarudi kabla ya adhuhuri, nyeupe. Ya pili nayo ikarudi, na habari juu yake kwamba Sitara ameketi na ameomba uji.

Nilifurahi kweli, sitaki mtu adhani sikufurahi. Lakini ndani ya furaha hiyo shetani akapata kiti. Nikajiambia mtoto ameshapona, hii ya tatu ni ya kukamilisha hesabu tu, nani ataumia?

Nikaanzia ukingoni mwa sahani. Niliandika mstari mmoja usiokatika, ukazunguka, ukazunguka tena, ukizidi kuingia ndani mpaka kitovuni, na mikia ya kila herufi ya nuni nikaivuta mpaka ikapokea herufi iliyo chini yake. Jasho lilinitoka. Sikuwa nimewahi kufanya kitu kama kile na sikujua kwamba ninakiweza. Nilipomaliza, kwa mara ya kwanza nikaifunika sahani mwenyewe, nikaipitisha chini ya pazia na kitambaa chake. Baba akaipokea bila kuitazama, akamkabidhi Hamud.

Adhuhuri ikapita. Baada ya swala Baba akauliza, "Sahani imerudi?"

Nikasema bado. Alasiri akauliza tena, na magharibi, na kesho yake asubuhi. Kila alipouliza, nilisikia baridi mgongoni, na chini ya hiyo baridi kitu kingine ambacho naona haya kukitaja. Nilikuwa nimeshakisia kwa nini haijarudi, na ilinipendeza.

Mchana Baba akanituma nikaangalie. Niliikuta kama nilivyodhani. Fakhriya alikuwa amepigilia misumari mitatu ukutani, mbele ya kitanda cha mtoto, na sahani imekaa juu yake. Sitara alikuwa amelala chali, midomo imekauka, homa imerudi. Macho yake yalikuwa yakizunguka polepole, kutoka ukingoni kuja ndani, na yakifika katikati yanaanza upya.

"Akiitazama halii," Fakhriya akaniambia. "Nilishika maji mara mbili, mdogo wangu, mkono ukakataa. Ningeanzia wapi kuifuta? Nitaiosha kesho."

Hapo ndipo mahali pa kosa langu. Nimeurudia mchana ule katika maisha yangu mara nyingi kuliko swala zangu. Nilikuwa na maneno mawili ya kusema, ioshe sasa, na nilikuwa na haki ya kuyasema kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Nilimtazama mtoto. Kisha nikaitazama sahani, na niliitazama zaidi. Nikamwambia Fakhriya kesho si mbali. Akanishika mkono, akaniomba Sheikh asijue. Nilipofika nyumbani nikamwambia Baba kombe limenywewa, sahani wameisahau tu, na Baba akainua mikono akamshukuru Mungu.

Sitara alifariki alfajiri iliyofuata.

Walimzika siku ileile, mvua ikinyesha. Sijui kama ni kombe, sijui kama ni homa tu ambayo ilikuwa imekwisha kuamua. Watoto wengi walikufa mwaka ule, waliokunywa na wasiokunywa. Mtu mwenye akili ataniambia hivyo, nami nitamwitikia, maana nilishasema kuitikia ninakuweza. Lakini nilijua nilichofanya. Siku ya tatu ya matanga nilikwenda Mtaa wa Mchikichi nimeshaamua kumwambia Fakhriya yote: kwamba mkono ni wangu, kwamba nilivunja sharti, kwamba nilipokuja siku ile ningeweza kumwokoa na sikutaka sahani ifutwe. Nilipita chini ya kibao cha Hamud bila kuinua kichwa.

Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini wakisoma. Fakhriya aliponiona akainuka, akanivuta chumbani, akafunga mlango. Kitanda kilikuwa kimeondolewa godoro. Sahani ilikuwa palepale kwenye misumari yake.

"Sheikh anakuja kwa khitima baada ya alasiri," akasema. "Asiikute. Mimi siwezi, Hind. Ioshe wewe."

Akanipa bakuli la maji. Nikaishusha sahani, nikaishika mkononi. Ilikuwa nyepesi. Zafarani ilikuwa imekauka ikakoza, rangi yake imezidi kuliko siku niliyoiandika. Nikachovya vidole kwenye maji, nikavipeleka ukingoni, pale mstari ulipoanzia.

Vidole havikushuka. Nilisimama chumbani kwa marehemu, wanawake wanasoma nje ya mlango, na macho yangu yakaanza kutembea, kutoka ukingoni kuja ndani, njia ileile ya Sitara. Karibu na kitovu nikaona nuni moja ambayo mkia wake ni mfupi. Niliharakisha pale. Nikajikuta nafikiria jinsi ya kuirekebisha, kwamba mwanzi ungekatwa kwa mshazari zaidi, kwamba zafarani ingepunguzwa maji. Nilikuwa na maneno ya toba mdomoni na nilikuwa nafikiria mkia wa nuni. Nilijiogopa.

Fakhriya akasogea. Kisha akaichukua sahani mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Akamimina maji, akaweka kiganja juu ya maandishi, akazungusha. Yakaondoka mara moja. Zafarani haina ukaidi. Katikati ndiko kulikobaki mwisho, ile nuni fupi, akaisugua kwa kidole gumba. Halafu akainua sahani kwa mikono miwili akanywa maji yote ya manjano, mpaka tone la mwisho, akaifuta kwa ncha ya kanga na kunirudishia.

Ilikuwa nyeupe kabisa. Nikaanza kulia, nikalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeitoa siku ya maziko, nikakaa sakafuni na sahani kifuani.

Fakhriya akaketi pembeni yangu, akanikumbatia, yeye aliyefiwa. Akanibembeleza kama zamani aliponibeba mgongoni. Akaniambia ninyamaze, tukimlilia hivi tutamtesa mtoto kaburini, Sitara alinipenda na anajua kwamba nami nilimpenda.

Nikamwacha aamini hivyo. Sikumwambia lolote, si siku ile wala siku nyingine, na tuliishi pamoja mjini hapa miaka arobaini.

Sahani niliirudisha nyumbani. Baba akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga, akaiweka juu ya zile nyingine. Juma lililofuata, Theophil alipopita kuuliza tena habari za yale maduka matano, nilimjibu mwenyewe kutoka nyuma ya pazia: alete majina, mkono upo.