Kijiko cha Maji ya Ganga

...na mkono huu nao umechagua siku ya kutetemeka, maji yanacheza ndani ya kijiko cha shaba, jani la tulsi, mrihani mtakatifu, linazunguka juu yake, Mama mkwe amefumba macho na kuachama kidogo, anasubiri, daktari ameshakwenda zake, baba Bishu amekaa miguuni pa mama yake anaikanda miguu iliyokwisha kupoa, na wifi Saroda na pepeo lake, hata leo hawezi kunyamaza, "Wifi, unampa mama maji au unamwagilia mchicha?", namjibu mkono mzito, dada, ngoja, huku masikio yangu yako kule uani, koki inadondosha, tone, tone, sikuifunga vizuri alfajiri nilipokijaza chungu hiki, maana haya si maji ya Ganga, mto mtakatifu, anayopewa mtu akikata roho, ni ya bomba, ewe Mungu Hari, anakufa na mimi nataka kumtilia maji ya bomba mdomoni... na siyo leo tu, mwaka mzima na zaidi anakunywa ya bomba, anaiogesha sanamu ya mungu wake kwa maji ya bomba, hajui, hajui hata kidogo, tangu Gadadhar aache mzega wake wa maji akaenda kufunga mabomba kwenye majumba ya Chowringhee, wachukuzi wa maji wote wanakwenda huko siku hizi, na mimi nilipoambiwa mlangoni kwamba haji tena sikumwambia mtu, nikapanda ngazi na chungu kimejaa, "Gadadhar kaja?", "Kaja, Mama, kaondoka", basi, ikawa rahisi hivyo, magoti yake hayashuki ngazi, angeona wapi... lakini ni maji yale yale, si baba Bishu mwenyewe alisema, mwaka ule walipochimba kichochoro chetu masika yote kulaza mabomba, mikokoteni inakwama, matope mpaka jikoni, akarudi kutoka ofisini anachekacheka kama bwana harusi, "Mama, utakaa ufunguliwe Ganga uani kwako! Wanayavuta mtoni huko Palta, wanayachuja kwa mchanga, ni Ganga yule yule", na yeye hata hakuinua macho kwenye shanga zake, "Ganga hafungwi ndani ya chuma, mwanangu. Na kwenye koki yenu mmetia kipande cha ngozi. Ngozi ya mzoga gani? Kaichuna nani? Nyinyi kunyweni, ogeni, fueni. Mimi mjane, sharti nijiepushe na najisi, niachieni mto wangu", na tukamwachia, nyumba nzima ikanywa bombani isipokuwa yeye, yeye na Bishu, maana Bishu, mwanangu, alilala kwake, alikula mkononi mwake, alikunywa kwenye chungu chake, na mto huo anaousema una viwanda vya magunia kando yote, una mitaro ya mji mzima, kila nyumba mpya inamwaga humo, kila siku nyumba mpya... siku moja, Gadadhar bado anatuletea ya mtoni, asubuhi Bishu alikuwa anamfukuza paka uani, jioni macho yamedidimia, ngozi ya vidole imekunjamana, kipindupindu, na anaomba maji, na nani alimpa, yeye, kwa kijiko hikihiki, "Kunywa, mjukuu wangu, kunywa, huyu Mama Ganga", nami nimesimama mlangoni nataka kumpokonya, na sikumpokonya, na alfajiri hatukuwa na Bishu tena... "Khiroda," baba Bishu ananiita kwa sauti ya chini, ananiita kwa jina mbele ya watu, kwa hiyo hali ni mbaya, "mpe basi", nampa, nampa sasa hivi, kwani nilifanya kosa gani, nilimlinda na maji yale ya mto, mwaka mzima hata tumbo halikumsumbua, ungeniuliza jana ningeapa hivyo, nilimlinda kama ambavyo sikumlinda mwanangu... basi kwa nini kila asubuhi nilisimama pale mlangoni kumtazama akimeza, mtu anayelinda hasimami kutazama, na siku ile aliposema, "Leo maji matamu, mwanangu, Gadadhar siku hizi anaingia katikati ya mto", nilishuka nikajifungia ghalani nikacheka, nilicheka mpaka nikakaa chini, nilikuwa nampa maji ya koki yenye ngozi, uchafu ule ule anaouogopa kuliko kifo, kila siku, kikombe kwa kikombe, kwa ajili ya Bishu, na hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine, nilimchukia na nikamnywesha chuki yangu na akanishukuru... "Ni mkaza mwana wangu?" anauliza, hajafumbua macho, "Niko hapa, Mama", "Nipe wewe. Hawa wananimwagia shingoni. Mkono wako naujua", na wifi analia sasa, pepeo limesimama... ningekiangusha chungu, kinidondoke tu, mkono si unatetemeka, wote wameuona, maji yote chini, halafu niseme kimbia, baba Bishu, kachote mengine mtoni, mto uko nyuma ya soko tu, angepata maji yake na mimi nisingejulikana kamwe, safi kabisa... uongo mwingine, hata sasa natafuta mlango wa kutokea mimi, mimi, siyo yeye, na yeye alipomnywesha mwanangu hakuwa na hila, alimpa kitu alichokiamini kuliko vyote duniani, alikosea, Hari, alikosea vibaya, lakini alimpa alichokipenda, na mimi sijawahi kumpa kitu ila kwa kumkomoa... nikisema atakufa anajua alivyochafuliwa, nisiposema atakufa ametulia, ndivyo ningependa kuamini, kwamba kimya changu ni huruma, lakini roho ni yake, safari ni yake, maji ya safari achague yeye, akitaka kunilaani anilaani akiwa na pumzi ya kunilaania, baba Bishu atanitazama, wifi atauliza tangu lini na kwa nini, na nitawajibu tangu lini na kwa nini, hata hicho kicheko cha ghalani nitakisema... shaba imegusa mdomo wake, ni baridi, midomo inatafuta, jani limeelea mpaka ukingoni, na mimi nashusha pumzi, nalitafuta neno la kwanza, nimelipata, liko hapa kwenye ulimi, Mama, usimeze.